Kisanduku cha Mkaguzi

Kazini walimwita Shangazi, na wala hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Jina lilianzia kwa wapakiaji wa stoo, likapanda ngazi mpaka ofisi ya uhasibu, mwishowe hata Mkurugenzi akawa anamwita hivyo hivyo mbele ya wageni. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo ilikuwa imeishia katika kiwanda hicho cha magodoro, akiandaa hati za malipo. Ukiwauzia kemikali za sponji, ukiwaletea vitambaa, ukiwabebea mzigo kwa lori, karatasi yako ilianzia mezani kwake. Miwani ilining'inia shingoni kwa kamba, sweta lilikaa mgongoni mwa kiti mwaka mzima, na ulimi wake ulikuwa mkali kiasi kwamba madereva walichungulia kwanza mlangoni kujua leo kaamkaje.

Mama huyo, kwa miaka minne mizima, alikuwa akimtilia saini maiti. Nalisema mapema ili usije ukaniambia nilikuficha.

Haya, sikiliza. Hati ya malipo ya kiwanda ilikuwa na visanduku vinne chini yake: Mwandaaji, Mkaguzi, Mhasibu Mkuu, Mkurugenzi. Keshia alikuwa na amri ya kutotoa hata senti moja kama kisanduku chochote kimebaki kitupu. Cha kwanza kilikuwa cha Shangazi. Cha pili kilikuwa cha Mzee Tiki, mtu mrefu, mkavu, mwenye kikohozi kisichoisha na peremende mfukoni. Kazi yake ilikuwa kutazama kila mstari na kuuwekea tiki kwa kalamu nyekundu. Akiona kasoro, aliandika pembeni neno moja, "Rudisha", bila tafadhali wala samahani. Na karatasi aliyoirudisha haikupitia tena kwa Shangazi, ilikwenda moja kwa moja kwa watu wa manunuzi. Alisema ikipita kwa mwandaaji, mwandaaji ataipaka poda. Unaweza kudhani jinsi Shangazi alivyolipenda hilo.

Mzee alifariki siku ya Alhamisi, wakamzika Jumamosi. Jumatatu ilikuwa siku ya malipo ya vibarua. Watu mia moja na kumi walikuwa wamejipanga dirishani kwa keshia tangu asubuhi, wengine na watoto mgongoni, na kisanduku cha pili kilikuwa kitupu. Mkurugenzi alikuwa amesema mkaguzi mwingine ataajiriwa "wiki ijayo". Shangazi akatazama dirisha, akatazama karatasi, akainuka. Akaketi kwenye kiti cha marehemu ili mkono ukae sawasawa, akachukua ile kalamu nyekundu, akatia tiki na herufi mbili za jina la Mzee. Vibarua wakalipwa. Mhasibu Mkuu alitia saini yake chini ya ile tiki bila hata kuinua macho.

Wiki ijayo haikufika. Mshahara wa mkaguzi ukawa umeokolewa, na kitu kilichookolewa katika kampuni nani atakirudisha? Kila jioni, ofisi ikipungua watu, Shangazi alihamia kile kiti na rundo lake, akatia tiki zake, akarudi mezani kwake. Alizoea. Hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye.

Basi, mwaka huo wa nne, Mkurugenzi akamwita. Alikuwa kijana wa miaka arobaini aliyerithi kiwanda kwa babake, mwenye haraka, na siku hiyo alikuwa na karatasi tatu za bei mkononi.

"Shangazi, hizi karatasi zinatuua," alisema. "Malipo moja yanatembea siku tisa. Nataka mfumo wa kompyuta. Ankara inaingia, inakwenda yenyewe kwa anayehusika, anaidhinisha kwenye simu, imekwisha. Kampuni tatu zimeleta mifumo yao. Wewe ndiye unayejua njia ya kila karatasi humu ndani. Nichagulie mmoja. Ijumaa nataka ripoti."

"Mimi? Si umpe Mhasibu Mkuu?"

"Mhasibu Mkuu kaniambia nikupe wewe."

Shangazi akatoka na zile karatasi kama aliyebebeshwa kaa la moto.

Mfumo wa kwanza ulikuwa rahisi kwa bei na mwepesi kuelewa, ila mtandao ukikatika kila kitu kinalala, na pale kiwandani mtandao ulikatika kila mashine kubwa ya sponji ilipowashwa. Huo akautupa siku ile ile. Wa pili ulikuwa ghali, lakini ulikuwa na jambo moja: mtu mmoja aliweza kupewa visanduku viwili. Mwandaaji huyo huyo akawa mkaguzi, ukibonyeza mahali fulani kwenye mipangilio, na hakuna anayeuliza. Wa tatu ulikuwa wa bei ya kati, na ulikuwa mkali kama mke mwenza. Kila hatua mtu wake. Mtu wake awe na namba ya simu, na kila akiidhinisha atumiwe namba ya siri. Aliyeandaa haruhusiwi kukagua, hata Mkurugenzi akipiga magoti.

Shangazi akaanza kuandika ripoti ya kuusifu mfumo wa pili. "Unafaa zaidi kwa ofisi yenye watu wachache." Kweli tupu. "Unaacha nafasi ya kubadilisha majukumu bila gharama." Kweli pia. Kila sentensi ilikuwa ya kweli na kila sentensi aliifuta akaiandika upya mara mbili. Alijua anachokifanya. Mfumo wa pili ungemzika Mzee Tiki kimya kimya, jina la Shangazi lingekaa kwenye visanduku vyote viwili, na karatasi za miaka minne zingefungiwa stoo mpaka panya wazimalize. Mfumo wa tatu ungeuliza: mkaguzi wenu ni nani? Akijibu, imekula kwake. Kughushi saini si mchezo. Alibakiza miaka mitatu astaafu, na kiinua mgongo kile ndicho kilichokuwa paa la nyumba yao na dawa za presha za mumewe.

Jumanne alikwenda benki saa ya chakula, kuchukua akiba yake kidogo ya kumlipa fundi. Binti wa kaunta akaitazama fomu, akatazama kompyuta yake.

"Mama, saini haifanani. Jaribu tena."

Akajaribu tena. Binti akatikisa kichwa. Mara ya tatu Shangazi alivaa miwani, akaandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akaitazama saini yake mwenyewe pale kwenye karatasi. Mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umepanda juu, mrefu, umekatwa ghafla. Ile ilikuwa tiki. Ilikuwa tiki ya Mzee, imekaa mwishoni mwa jina lake.

Damu ilimsisimka. Alichukua kitambulisho chake akaondoka bila pesa, na njia nzima alikuwa akiukunjua na kuukunja mkono wa kulia.

"Siku hizi unaandika kama mwanamume mwenye haraka," mumewe alimwambia jioni, akicheka. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtu wa utani hata kwenye mambo ya kulia. "Hata orodha ya sokoni umeitia tiki. Nyanya tiki, sabuni tiki. Nikajua leo nimekaguliwa."

Shangazi hakucheka. Aliichukua ile orodha akaichana vipande vipande.

Mkurugenzi naye, bila kumwambia, alikuwa amewaruhusu watu wa mfumo wa tatu wafanye jaribio. Walikuwa wamechukua mafaili ya miaka minne, ya uhasibu na ya manunuzi, wakazipiga picha karatasi zote, ili mfumo wao usome na kujichorea wenyewe njia ya malipo. Jumatano asubuhi mtaalamu wao, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alivuta kiti akaketi karibu na Shangazi na kumgeuzia kompyuta.

"Nimewapenda," alisema. "Hasa huyu mkaguzi wenu. Huyu ni moto wa kuotea mbali! Tazama. Ndani ya miaka minne amerudisha karatasi arobaini na moja, na nimezipitia, hakuna hata moja aliyokosea. Nipe jina lake na namba ya simu nimfungulie akaunti."

"Amerudisha nini?" Shangazi aliuliza.

"Karatasi. Arobaini na moja."

Shangazi alisema anakwenda msalani. Hakwenda msalani. Alikwenda stoo ya mafaili, chumba chembamba chenye taa moja na vumbi la kukohoza, akatafuta rafu ya manunuzi. Kwa sababu, nakwambia, katika miaka minne hiyo hakuwahi kuandika "Rudisha" hata mara moja. Alitia tiki tu. Kazi yake ilikuwa kupitisha, ili watu walipwe na yeye aende nyumbani.

Akaikuta ya kwanza. Usafirishaji, safari kumi na mbili. Chini, kwenye kisanduku cha pili, ile tiki aliyoitia mwenyewe. Tiki ilikuwa imekatwa kwa mstari mwekundu ulionyooka, na pembeni, kwa mwandiko ule ule uliosimama kama vijiti, "Rudisha". Tarehe ilikuwa ya miaka miwili baada ya mazishi.

Akavuta nyingine. Vitambaa, mita mia tatu. Tiki yake, mstari, "Rudisha". Nyingine. Nyingine. Nywele zilimsimama mpaka za kisogoni. Aliapa baadaye kwamba pale pale alisikia harufu ya peremende, na mimi sikuwapo, siwezi kumbishia.

Hakuogopa mzimu kwa sababu ni mzimu. Aliogopa kwa sababu alikuwa na deni naye, na si la pesa. Siku ile ya Alhamisi, Mzee alikuja mezani kwake na ankara ya mapipa arobaini ya kemikali. Akamwambia, "Nenda stoo ukayahesabu, mimi kifua kinanibana leo." Shangazi alikuwa na kazi hadi shingoni, na wiki hiyo Mzee alikuwa amekwisha kuandika "Rudisha" kwenye karatasi zake sita. Akainua uso akamwambia mbele ya watu wote, "Kama hutuamini, kahesabu mwenyewe! Umetuchosha, Mzee. Kwani sisi wote wezi?" Mzee alichukua kalamu yake akateremka ngazi. Walimkuta saa nane mchana ameegemea mapipa, na kwenye karatasi ya kupokelea mzigo alikuwa ametia tiki ishirini na sita.

Hilo hakumwambia mtu. Hata mumewe alimwambia nusu tu. Usiku wa Jumatano hiyo akammalizia nusu nyingine, pamoja na habari ya karatasi arobaini na moja. Mumewe aliisikiliza yote bila utani.

"Labda ni wewe uliyeandika," alisema mwishowe. "Ukiwa kwenye kile kiti. Mkono umeandika, kichwa hakipo."

"Yaani unataka kusema ameniingia?"

"Sikusema hivyo, mama watoto."

"Umesema!"

Na kwa sababu ndilo jambo alilokuwa akiliogopa tangu benki, hakupata usingizi. Alilala ameuweka mkono wa kulia chini ya mto, kana kwamba ungeinuka wenyewe kutafuta kalamu.

Ijumaa wakakutana chumba cha mikutano: Mkurugenzi, Mhasibu Mkuu, mtaalamu wa mfumo wa tatu aliyeitwa kueleza jaribio lake, na Shangazi na ripoti yake. Mhasibu Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso ya kujifutia jasho hata kukiwa na baridi. Siku hiyo ilikuwa imelowa kabla kikao hakijaanza.

"Shangazi kapendekeza mfumo wa pili," Mkurugenzi alisema akifunua karatasi.

"Na mimi naunga mkono," Mhasibu Mkuu akarukia. "Wa pili ndio wetu. Hauna maneno mengi."

"Lakini wa tatu umeshajua njia zetu zote. Kimebakia kisanduku kimoja tu." Mkurugenzi akamgeukia mtaalamu. "Kipi hicho?"

"Cha mkaguzi. Naomba jina lake tangu juzi, kila mtu ananiambia nikamuulize mwingine."

Shangazi alitazama mkono wake juu ya meza, ule wa kulia, akachoka. Alichoka na ile tiki, na kile kiti, na kuogopa peremende. Akapiga moyo konde.

"Mkaguzi alikufa," alisema. "Miaka minne sasa. Tiki zote ni zangu mimi. Nilianza kwa ajili ya mishahara ya vibarua, nikashindwa kuacha. Nifukuzeni, nipelekeni mnakotaka. Ila jambo moja nawaambia, na muniamini msiniamini: zile za 'Rudisha' si zangu. Mimi natia tiki, yeye anakuja anaikata. Nimeona kwa macho yangu. Yumo humu ndani."

Mtaalamu alikuwa ameshika kalamu hewani, midomo wazi.

Mhasibu Mkuu akaikunja leso yake mara mbili, akaikunjua.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Za 'Rudisha'. Ni mimi, Shangazi. Nilikaa naye miaka kumi na tisa, mwandiko wake naujua kuliko wangu. Nilikuwa nakutana na ankara nikaona kabisa hii ni wizi, safari saba zimeandikwa kumi na mbili. Nikirudisha kwa jina langu, watasema mimi namwandama shemeji wa bosi." Hakumtazama Mkurugenzi. "Nina watoto watatu shuleni. Basi nikaandika kwa jina lake. Yeye watamfanya nini?"

Sasa wote wakamgeukia Mkurugenzi, kwa kuwa malori yale yalikuwa ya shemeji yake kweli. Mkurugenzi alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Walidhani amekasirika. Alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Mnadhani mimi sikujua Mzee amekufa?" alisema. "Si nililibeba jeneza? Kila wiki naiona ile tiki. Mwanzoni nilitaka kuuliza, halafu shemeji akaja juu, kwa nini ankara zake zinarudi. Nikamwambia, shemeji, si mimi, ni yule mzee wa ukaguzi, yule hata mimi mwenyewe simwezi. Akaniamini. Dada yangu hajagombana na mimi mpaka leo." Akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na raha. "Nikikufukuza wewe, Shangazi, itabidi nijifukuze na mimi."

Kitu kizito kilikuwa kimekaa pale mezani na watu wale watatu, na sidhani kama kilikuwa mzimu. Walikuwa wamemchimbua mzee wa watu kaburini wakamrudisha kazini bila mshahara, kila mmoja kwa siri yake, wakamkalisha mahali pa kusema hapana.

Mtaalamu ndiye aliyekohoa kidogo. "Poleni sana," alisema, na alimaanisha. "Lakini huu mfumo, mkiuchagua, hautakubali. Nahitaji mtu aliye hai. Na asiwe yule anayeandaa."

Mkurugenzi akamtazama Mhasibu Mkuu. Mhasibu Mkuu akaitazama leso.

Shangazi aliwatazama wote wawili, na hapo ndipo alipomwona Mzee Tiki barabara, bila harufu wala mwandiko: mtu mmoja, miaka yote ile, akiteremka na kupanda ngazi peke yake, hakuna anayemkaribisha chai, akibeba lile neno ambalo wanaume wawili wazima hawa walikuwa hawawezi kuliandika kwa majina yao. Na yeye mwenyewe alikuwa amemwambia amewachosha.

Akaivuta ripoti yake kutoka mbele ya Mkurugenzi, akaikunja.

"Chukua wa tatu," alisema. "Kuandaa mpe yule binti anayemsaidia keshia dirishani, anaweza. Ukaguzi niweke mimi."

"Shangazi, fikiria," Mhasibu Mkuu alisema kwa sauti ya chini. "Miaka mitatu tu imebaki. Humu ndani watakuchukia."

"Najua. Mimi nilimchukia mpaka siku ya mwisho."

Mtaalamu akaanza kuandika. Akaomba jina kamili, akaomba namba ya simu. Simu ya Shangazi ikalia ndani ya mkoba, namba sita za siri, akazisoma moja moja kwa sauti. Kompyuta ikakubali. Kwenye mchoro wa njia ya malipo, kisanduku cha pili kikageuka kijani na jina lake likatokea ndani yake.

"Na yeye?" Shangazi aliuliza.

"Nani?"

"Mzee. Mnamweka wapi?"

Mtaalamu alisita. "Hatumweki, Shangazi. Mfumo unawajua waliopo tu."

Shangazi akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akavua miwani, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mbele ya bosi wake na mgeni wa watu, mabega yakiruka, na Mhasibu Mkuu akamsogezea ile leso iliyolowa kwa kuwa hakukuwa na nyingine. Kwenye mazishi hakuwa ametoa hata chozi, watu wakamsema ana roho ngumu. Hawakujua kwamba alikuwa amesimama pale kaburini akihesabu vibarua wa Jumatatu, na kwamba Jumatatu ilipofika Mzee alikuwa ameshakuja kazini.